Dude la Juu ya Dari

Kama kuna mtu aliyejaliwa kinyaa hapa duniani, basi ni Shangazi Kurasa. Wenzake walijaliwa mali, wengine sura, yeye akapewa kinyaa, tena kwa kipimo cha kufurika. Akikuona unalamba kidole ili ufunue ukurasa, chai yake haimaliziki. Ukikohoa mbele yake bila kuziba mdomo, anahama kiti, halafu anahama chumba. Kikombe kilichooshwa na mtu mwingine hukiosha tena, na kile alichokiosha mwenyewe hukinusa kwanza. Waliomzoea walikwisha kuacha kumshangaa.

Na kusema kweli, kwa kazi yake kinyaa kile kilimfaa. Alikuwa msomaji wa vitabu. Si msomaji kama mimi na wewe, wa kusoma kurasa mbili na kusinzia na kitabu usoni. Yeye kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti mbele ya maiki, katika taasisi inayowatengenezea wanafunzi wasioona vitabu vya kusikiliza. Jiografia, historia, hadithi, vyote vilipita kinywani mwake. Sasa hebu mfikirie mtu anayekusomea kitabu kizima masikioni mwako huku anameza mate, glup, glup, kila mstari. Utavumilia? Shangazi asingevumilia, kwa hiyo hakumfanyia mtu. Miaka yote ile hakuwahi kumeza mate mbele ya maiki. Akijisikia mate yamemjaa, alisimamisha mashine, akatoka nje, akamaliza shida zake kwa heshima, akarudi.

Jina lake lilitoka kwa wasikilizaji. Alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyezaliwa haoni, na tangu utotoni dada mtu ndiye aliyemsomea kila kitu, vitabu vya shule, barua, hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Mdogo mtu akasoma mpaka akawa mwalimu wa wasioona. Wanafunzi wakamfanya baba yao, na dada ya baba ni nani kama si shangazi? Na kwa kuwa kila ukurasa aliutaja kwa namba kabla ya kuusoma, wakamalizia wenyewe: Shangazi Kurasa. Mume alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika kila mmoja na kwake. Aliobaki nao ni wale wanafunzi ambao wengi wao hakuwahi hata kukutana nao, na aliwapenda bila kificho.

Basi, akaja mkurugenzi mpya.

Huyu bwana jina lake halisi tuliache. Jengo zima lilimwita Friza, kwa sababu alipenda baridi kupita kiasi. Alikuwa na miwani ya dhahabu, manukato ya kukutangulia mlangoni, na kijiti cha kuchokolea meno ambacho hakikutoka mdomoni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Akiongea nawe anakihamisha kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto, na kikitoka na kitu anakitazama kwanza. Shangazi siku ya kwanza alipomwona anakitazama, alikwenda kukaa chooni mpaka moyo ukatulia.

Friza akaona viyoyozi vidogo vya zamani havimtoshi. Akaleta dude. Mtambo mmoja mkubwa wa kupoza jengo zima, ukapandishwa juu ya paa la zege, ukafungwa kwa boliti za chuma. Na kati ya sehemu zote za paa lile pana, ukawekwa wapi? Juu ya chumba cha kusomea, jamani! Eti ndiko karibu na ofisi yake, baridi isipotelee njiani. Bomba pana la bati likashuka kutoka kwenye dude, likapita juu ya dari ya Shangazi, likamwachia tundu moja lenye wavu, kisha likaelekea kwa bosi.

Likiwashwa, kwanza lilikohoa. Kisha likashusha pumzi ndefu. Kisha likaanza nguuuuuu, na hiyo nguu haikuwa na mwisho wala nukta. Dari ikatetemeka, kiti kikatetemeka, chai ikatetemeka kikombeni. Kwenye wavu ukatoka upepo wa harufu ya soksi zilizolowa. Na nje ya kidirisha chake kimoja maji ya dude yakawa yanadondoka mchana kutwa, mpaka ukingo wa dirisha ukaota ute wa kijani, laini, unaong'aa. Shangazi aliufunika kwa gazeti ili asiuone. Gazeti nalo likaota ute.

Akaenda kulalamika. Friza akahamisha kijiti shavu.

"Mama, jengo la kisasa lina sauti yake. Utazoea."

"Mimi sina shida, Mkurugenzi. Maiki ndiyo haizoei."

"Basi soma kwa nguvu," akasema, na akarudi kwenye simu yake.

Hapo ndipo Shangazi Kurasa alipoanza tabia ambayo kwa mtu wa heshima zake haikutarajiwa. Nyongo ilikuwa imemjaa, na mtu akijaa lazima apunguze. Akifika mwisho wa ukurasa, wakati anaufunua, anageuza uso kidogo upande na kuachia neno. Mwanzo ilikuwa kusonya tu. Halafu yakaja maneno. "Friza bovu!" Ukurasa unaofuata. "Kijiti hicho, ungekimeza tukapumzika!" Ukurasa unaofuata. "Ptuu!" Kila ukurasa na lake, na hakurudia. Nani angesikia? Dude lilikuwa likinguruma juu ya kichwa chake kama limelipwa, na kila alichokisema lilikifunika. Alitoka kazini jioni mwepesi, uso umekunjuka, mpaka majirani wakadhani amepata mchumba.

Mtu ambaye alipaswa kusikia ni fundi sauti, bwana mmoja aliyeitwa Kofia, ambaye kazi yake ilikuwa kuzisikiliza rekodi na kuzisafisha kabla hazijatumwa. Lakini Kofia alikuwa mvivu wa kuzaliwa. Alisikiliza mwanzo wa sura, akasikiliza mwisho wa sura, katikati akatafuna karanga. Maganda yakaingia kwenye kibodi, akayapuliza, yakaruka yakatua mezani kwa Shangazi. Huyu naye alikuwa na kurasa zake.

Haukupita muda mrefu, simu zikaanza kuingia kutoka shuleni. Wanafunzi wanalalamika. Rekodi zina mngurumo, hawasikii vizuri, na hasa mwisho wa ukurasa. Mwisho wa ukurasa ndio hawasikii kabisa, wanaomba kurekebishiwa.

Friza akaita kikao. Akasikiliza malalamiko, akatafakari, akatoa jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka mimi msimulizi natamani kutema.

"Mwisho wa ukurasa," akasema, "maana yake pumzi zinamwishia. Huo si mngurumo wa mtambo. Ni kifua. Mama yetu amechoka kifua."

Nyani haoni kundule! Mtu ameweka treni juu ya dari, halafu anatafuta mngurumo kifuani kwa mama wa watu. Na wenzake Shangazi mezani, badala ya kumtetea, wakatikisa vichwa kwa huruma. Kofia akatikisa kuliko wote.

Friza akaendelea. Kitabu kinachofuata ni biolojia ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Hicho ndicho kipimo. Kikitoka safi, sawa. Kikitoka na mngurumo, chumba cha kusomea kitafungwa na itanunuliwa programu ya kompyuta inayosoma yenyewe. "Kompyuta haina kifua," akasema, na akacheka peke yake.

Shangazi alitoka pale akarudi kwenye kiti chake. Kile chumba chenye harufu ya soksi ndicho kilichomfanya awe mtu. Bila kile angekuwa bibi mmoja anayeosha vikombe vilivyo safi. Na aliisikia ile kompyuta ikijaribiwa ofisini, inasoma kila neno kwa uzito ule ule, nukta haijui, swali haijui, mtu akifa hadithini inasoma kama inataja vituo vya basi. Wanafunzi wake waachiwe kile? Akalia kidogo, akafuta machozi kwa leso safi, akaitupa leso.

Wiki zilizofuata zilikuwa za dawa. Kila mtu ofisini alikuwa na dawa ya kifua. Huyu tangawizi, yule asali, mwingine mafuta ya kuchua yaliyonuka mpaka barabarani. Mhasibu alimletea chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwishafunguliwa, na kijiko chake humohumo ndani ya mfuko, kijiko kimenata. Shangazi alishukuru kwa ncha za vidole. Akaenda kwa daktari. Daktari akamwekea kile kifaa mgongoni, akamwambia vuta pumzi, shusha, vuta, shusha.

"Mama, kifua chako kizima kabisa. Nani kakwambia unaumwa?"

"Friza," akajibu. Daktari akaandika hivyo hivyo.

Alipopeleka majibu, Friza alisema madaktari nao hukosea, ila kwa moyo wake mwema atamsaidia. Alikuwa amesikia mahali kwamba trei za mayai zinaua kelele. Akaagiza trei za mayai, zile za karatasi ngumu, kutoka kwenye mabanda ya kuku. Zikaja zimefungwa kwa kamba. Zikagandishwa ukuta mzima na nusu ya dari.

Msomaji, umewahi kuiona trei ya mayai iliyotumika? Imekauka uji wa yai lililopasuka, manyoya yamenasa, na vile vitu vingine vya kuku navyo vipo. Chumba kikaanza kunuka banda. Kwenye ule unyevu wa dude, trei zikalainika na kuota ukungu mweusi. Kisha wakaja mende. Hawakuja mmoja mmoja. Walikuja na familia. Kila kishimo cha yai kikapata mpangaji. Mkono wa Shangazi ukigusa ukuta kwa bahati mbaya, ukuta unakimbia.

Na mngurumo je? Uko palepale! Trei hazikuupunguza hata chembe, maana ule haukuwa unatoka kwenye kuta. Ulikuwa unashuka kutoka juu kupitia zege na lile bomba la bati. Trei zilichofanya ni kuufanya uwe na wadudu.

Siku moja anasoma sura ya mmeng'enyo wa chakula, kafika kwenye nyongo na ini, mende mmoja mkubwa, mwekundu, akashuka na waya wa maiki, akasimama juu yake, akamtazama Shangazi ana kwa ana huku akipunga ndevu. Zile ndevu zikamgusa mdomo wa juu. Mdomo, jamani!

Alitoka mbio bila kuzima chochote. Alikaa chooni kwa muda, akasukutua mpaka sabuni ikapungua, akajipaka limau, akasukutua tena. Aliporudi alikuta mashine bado inarekodi. Akaikaripia, akaizima. Halafu akasimama ghafla na kidole juu ya kitufe.

Akairudisha nyuma, akasikiliza. Sauti yake inasoma. Ukelele wake. Mlango. Kisha kiti kitupu, chumba kitupu, na nguuuuuuu, ileile, haikupungua wala kuongezeka, mpaka mlango ulipofunguka tena.

Hakugonga mlango wa Friza. Aliingia, akaweka mashine mezani, akabonyeza.

"Unasikia mngurumo, Mkurugenzi?"

"Nasikia. Ndio huohuo wa kifua chako."

"Hapo mimi niko chooni," akasema Shangazi Kurasa. "Na kifua nilikwenda nacho."

Kijiti kikasimama katikati ya midomo. Nje ya mlango katibu alikuwa amejifunga shuka kwa ile baridi, na alicheka ndani ya shuka. Friza hakuomba radhi, watu wa aina ile radhi hawana. Alisema tu kwamba wafadhili wanakuja kuzindua kitabu cha biolojia, kwa hiyo aitwe fundi.

Fundi wa viyoyozi alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Mama Bisibisi. Ovaroli limeganda grisi, pua anaifuta kwa glavu, na glavu hiyohiyo akampa Shangazi mkono. Shangazi alifumba macho akaupokea, maana shida haichagui. Mama Bisibisi akaliangalia dude, akapanda ngazi, akafungua bomba la bati, na mara akasikika akisema, "Aka! Aka! Aka!"

Alivyovitoa humo ndani sitavitaja vyote, nina wasomaji wanaokula. Nitataja kiota cha panya, panya mwenyewe amekauka, na vumbi lililoshikana likawa kama nywele za maiti. Ndiyo hewa waliyokuwa wanavuta Shangazi na bosi. Kisha akatoa maboksi. Kila bomba dogo lililokwenda kwenye vyumba vya wafanyakazi lilikuwa limezibwa kwa boksi na kubandikwa gundi.

"Nani kaziba?" akauliza.

Mlinzi akakohoa, akasema aliagizwa na mkurugenzi, ili baridi yote iende kwake.

"Hayo maboksi ndiyo yanayoongeza huo mngurumo. Upepo mkiubana sehemu moja lazima upige kelele. Na hili dude mmelikaza kwenye zege kavu kavu, likitetemeka nyumba nzima inatetemeka nalo. Mlitarajia trei za mayai ziwasaidie nini? Zifunge zege mdomo?"

Alifanya kazi yake. Dude likanyanyuliwa, likawekewa mipira mizito chini ya kila mguu. Kati ya dude na bomba la bati akakata kipande, akaunganisha kwa turubai gumu, ili mtetemo uishie pale. Bomba akalisafisha na kulitandika sufi nene kwa ndani, maboksi akayang'oa, na feni iliyokuwa imefunguliwa mpaka mwisho akaipunguza. Trei zikachomwa moto uani. Ule moto ulitoa milio, na Shangazi alisimama mbali kuutazama, ameziba pua, anatabasamu.

Kisha kukawa kimya.

Shangazi alikaa kwenye kiti chake akaogopa. Alikuwa amesahau kimya kikoje. Alisikia saa yake ya mkononi. Alisikia kitambaa cha gauni kikisuguana, alisikia tumbo lake likiongea mambo yake. Akaanza biolojia upya kutoka mwanzo, na sauti ikatoka nzuri hata yeye mwenyewe ikamtuliza. Ukurasa ukaisha. Akageuza uso kidogo upande, kama kawaida.

Mazoea yana taabu. Mtu aliyezoea kuteremka ngazi nane, zikiwa saba huikanyaga ya nane hewani. Shangazi alikuwa anasema kwa pumzi tu, kwa midomo, hata yeye hakujihesabu kwamba anasema. Kofia naye akasikiliza mwanzo wa kila sura na mwisho wa kila sura, na katikati akala karanga.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Wafadhili wameletwa, mgeni rasmi wao ni mama mmoja mwenye miwani mizito na bakora. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamepangwa mbele, mwalimu wao, mdogo wake Shangazi, yuko katikati yao. Friza akapanda jukwaani. Akasema yeye binafsi ndiye aliyegundua tatizo la kelele, na kwa maono yake jengo hili sasa ni jengo la utulivu. Watu wakapiga makofi. Shangazi alikuwa nyuma kabisa, anajipangusa mikono.

"Sasa tusikilize wenyewe!" akasema Friza, na akamwashiria Kofia aweke popote katikati ya kitabu.

Sauti ikajaa ukumbini, safi, kila neno na nafasi yake. "Utumbo mpana hufyonza maji, na mabaki yasiyohitajika huhifadhiwa hadi yatakapotolewa nje ya mwili." Friza akafumba macho kwa raha. Karatasi ikasikika ikifunuliwa. Na kwa sauti ileile safi, ya chini kidogo, kila mtu akasikia:

"Ya kwetu wamesahau kuyatoa. Yako ofisini, yanapigwa baridi yasinuke. Ptuu!"

Kisha, kwa utulivu mkubwa: "Ukurasa wa themanini na moja."

Siku za mwizi arobaini, na Shangazi alijua yake imefika. Alishika ukuta. Alitamani dude lirudi, hata na mende wake. Safu za mbele zikalipuka. Wanafunzi walicheka, wakapiga meza, wakashikana mabega. Msichana mmoja akasimama akipapasa kiti cha mbele yake.

"Shangazi! Uko wapi Shangazi? Hatimaye!"

"Hatimaye nini?" akauliza Friza kwa sauti iliyopasuka.

"Hatimaye tumesikia! Si tulipiga simu? Tuliwaambia mwisho wa ukurasa hatusikii vizuri! Tunasikia 'Friza,' halafu nguuu. Tunasikia 'kijiti,' halafu nguuu. Darasa zima tumebishana kama ni kijiti au kijiji! Jiografia mimi nilifaulu kwa ajili ya kungoja mwisho wa ukurasa!"

Mgeni rasmi alikuwa amevua miwani, anafuta machozi ya kicheko. Mdogo wake Shangazi akageukia nyuma, kule alikojua dada yake amesimama, maana dada hukaa mbali na watu.

"Dada," akasema taratibu, "heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Lakini naye mabega yalikuwa yanamtikisika.

Mbele ya wageni Friza alifanya nini? Alicheka. Akasema mama yetu huyu ana utani sana. Wageni walipoondoka akamwita.

Ofisi ilikuwa bado na baridi, ila sasa kimya. Kimya kibaya, maana kila kitu kilisikika. Kijiti kikisuguana na jino. Ulimi ukikisukuma. Shangazi alisimama, hakutaka kukalia kiti chake.

"Wafadhili wamekupenda," akasema Friza. "Kwa hiyo sikufukuzi. Utasoma upya kila palipo na uchafu wako, kavu, bila neno. Ukirudia, hata nusu neno, chumba nafunga na kompyuta inaingia. Na kuanzia sasa kila kitabu kitaanza na salamu zangu. Nimeziandika mwenyewe. Utazisoma wewe."

Akamsukumia karatasi. Kijiti kilikuwa kimeigusa pembeni, pana unyevu. Shangazi aliona.

Angeweza kumtupia. Alijua kabisa angemwambia nini, maneno yalikuwa yamejipanga mlangoni, na hayakuwa ya ukurasa mmoja. Lakini aliwaza yule msichana akipapasa kiti, na ile kompyuta inayotaja vituo vya basi. Funika kombe, akajiambia, mwanaharamu apite. Akaichukua karatasi kwa leso.

Alizisoma siku ileile. Chumba kimya, dude halisikiki, mende hakuna, hakuna pa kujificha hata pumzi. "Wapenzi wasikilizaji, mimi mkurugenzi wenu, kiongozi mwenye maono mapana na moyo wa kujitolea..." Alisoma hadi nukta ya mwisho, akaipa kila koma haki yake. Kurasa mbili nzima. Mwisho wa ukurasa ulipofika, lile neno likapanda lote, likafika kwenye meno. Akalirudisha.

Friza alisikiliza, hakuona kosa. Kofia alisikiliza mwanzo na mwisho, naye hakuona kosa. Vitabu vinatoka, chumba kiko wazi, Shangazi Kurasa yupo kwenye kiti chake mpaka leo.

Ila siku moja mdogo wake alikuja kumtembelea. Akamwambia kwamba darasani kuna jambo. Salamu za mkurugenzi zikianza, wanafunzi wanatulia kuliko hata kwenye mtihani. Wanangoja mwisho wa ukurasa. Na pale, kabla karatasi haijafunuliwa, wanamsikia Shangazi, ambaye miaka yote ile hakuwahi, akimeza mate.

"Glup," akasema mdogo wake. "Safi kabisa, Dada. Kila mtu anaisikia."

Shangazi akaona aibu, akaziba uso kwa mikono miwili.

"Na wao wanafanyaje?"

"Wanatema kwa niaba yako," akasema. "Darasa zima, kwa pamoja: Ptuu!"